Beta au VHS: Mnunuzi Alitaka Nini?

Kaseti ndogo iliyo kushoto ni Betamax, iliyoletwa sokoni na Sony mwaka 1975. Kubwa ya kulia ni VHS ya JVC, iliyofuata mwaka 1976. Kaseti ya mfumo mmoja haiingii kwenye deki ya mfumo mwingine, kwa hiyo aliyenunua deki alikuwa ameshachagua upande.

Wapenzi wa Beta walisifu picha yake, nao waliitetea kwa miaka mingi. Lakini dukani watu waliuliza jambo jingine: inarekodi muda gani? Betamax ya kwanza ilichukua saa moja tu. VHS ilichukua saa mbili, yaani filamu nzima. Mwaka 1977, huko Marekani, RCA ilitoa deki ya VHS ya saa nne, ikatosha hata mechi ndefu ya futiboli ya Kimarekani. Sony iliongeza muda, ila VHS ilibaki mbele.

Kisha yakaja maduka ya kukodisha filamu. Rafu zikajazwa kaseti za mfumo wenye wateja wengi, na hapo ndipo mwenye Beta alipoumia kweli: deki yake nzima, picha safi, filamu hakuna. Mwaka 1984 Sony ilichapisha magazetini Japani matangazo yaliyouliza iwapo Betamax itatoweka. Ilitaka kuwatuliza wateja, lakini swali lenyewe lilitosha kumtia mtu hofu.

Mwaka 1988 Sony nayo ilianza kuuza deki za VHS. Kaseti tupu za Betamax iliendelea kuzitengeneza hadi 2016.