Kipindi Kisichopingika: Historia, Muziki na Televisheni ya Kebo Tarime na Serengeti

Malalamiko kuhusu kuporomoka kwa vipindi vya historia na muziki yalianzia mbali na Mkoa wa Mara. Chaneli ya History ya Marekani ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Januari 1995, na miaka yake ya mwanzo iliijaza kwa filamu za vita, hasa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 2009 ikaleta Pawn Stars, kipindi cha duka la rehani la Las Vegas. Haukupita muda mrefu ikafuata Ancient Aliens, mfululizo unaodai kwamba viumbe kutoka sayari nyingine walikuwa na mkono katika majengo makuu ya kale. MTV, iliyozaliwa mwaka 1981 kwa ajili ya video za muziki, ilikuwa imekwisha kuzisukuma video hizo pembeni na kuzipa saa zake familia na vijana wanaogombana mbele ya kamera. Chaneli za aina hii zimetufikia kwa dishi, kwa king'amuzi na kwa kebo, zikiwa zimefungashwa pamoja na mpira na tamthilia.

Sababu inayotajwa kila mara ni fedha. Duka la rehani halihitaji mtafiti, mkalimani wala safari ya nyaraka, na marudio hayagharimu kitu. Sababu hiyo ni ya kweli, ila haisemi ni kitu gani hasa kimepotea. Ninadai kwamba kilichopotea ni uwezo wa mtazamaji kupinga. Kipindi kizuri cha historia humweleza mtazamaji nani anasema, ameyajuaje anayoyasema, na ushahidi wake uko wapi. Kipindi kizuri cha muziki humweleza nani anapiga, wapi, mwaka gani na katika shughuli gani. Ung'avu wa picha hauingii katika kipimo hiki. Picha zimeng'aa mwaka hadi mwaka huku maelezo hayo yakiondolewa moja baada ya jingine. Wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, zinalionyesha jambo hili waziwazi, ya kwanza kwa upande wa historia, ya pili kwa upande wa muziki.

Tuanze na Serengeti, mojawapo ya sehemu za Afrika zilizopigwa filamu nyingi zaidi. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa Serengeti darf nicht sterben, filamu iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Aliitengeneza pamoja na mwanawe Michael, aliyefariki katika ajali ya ndege Januari 1959 kazi ikiendelea. Filamu hiyo ina kasoro kubwa. Inaiona nyika bora kuwa ile isiyo na binadamu, na mtu wa magharibi ya Serengeti akionekana basi ni jangili. Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme, waliolima, kufuga na kuwinda katika nchi hiyo kabla ya Hifadhi ya Taifa kutangazwa mwaka 1951, hawana sauti humo. Hata hivyo Grzimek alisimama mbele ya hoja yake kwa jina lake. Alieleza namna alivyoruka angani na kuhesabu wanyama, na akasema wazi anataka mipaka ipite wapi na kwa nini. Kwa hiyo alijibika. Wanasayansi waliofuata waliweza kuwahesabu upya wanyama wa nyika hiyo. Mwaka 1977 Odhiambo Anacleti aliandika katika Tanzania Notes and Records kuhusu watu wa Serengeti na mazingira yao, na mwaka 2007 Jan Bender Shetler akachapisha Imagining Serengeti, akionyesha kwamba vilima, mito na mahame ya eneo hilo ni hifadhi ya kumbukumbu za koo na rika. Hoja iliyotolewa kwa uwazi ilizaa hoja pinzani.

Sasa tazama Serengeti, mfululizo wa mwaka 2019 ulioonyeshwa na BBC kisha Discovery. Simba anaitwa Kali, nyani anaitwa Bakari, fisi anaitwa Zalika, na maisha yao yamesukwa kama tamthilia, jambo ambalo watengenezaji hawakulificha. Picha ni za kupendeza mno. Lakini mzee wa kijiji cha Robanda au Nata akitaka kukipinga kipindi hicho, atapinga nini? Hakuna dai la kushika wala mtu wa kumjibu. Watu wa nchi hiyo hawakusingiziwa lolote. Hawamo kabisa, na majina ya Kiswahili wamepewa wanyama. Naiona hatua hii kuwa mbaya kuliko upendeleo wa Grzimek, kwa sababu upendeleo hukosolewa, na utupu haukosoleki.

Na si kwamba nchi hiyo haina masimulizi ya kutosha kwa televisheni. Wanata husimulia juu ya Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima, waliokutana na kuwa wazazi wa kabila. Ndani ya simulizi hilo fupi umo mjadala mzima kuhusu uwindaji na kilimo, na kuhusu nafasi ya mwanamke katika kuanzisha makazi. Iko pia misukosuko ya mwishoni mwa karne ya 19, yaani njaa, sotoka na uvamizi wa Wamaasai, iliyowalazimisha watu wa magharibi ya Serengeti kujipanga upya kwa rika. Ipo ngome ya Wajerumani ya Ikoma. Yapo Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, na maswali ya ardhi yaliyoambatana nayo. Mtayarishaji makini angepata humo kazi ya miaka.

Afrika Mashariki tumewahi kuona historia ya televisheni inayokubali kupingwa. Mwaka 1986 Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliandika na kuwasilisha The Africans: A Triple Heritage, sehemu tisa, kwa ushirikiano wa BBC na televisheni ya umma ya Marekani. Alizungumza kama mwandishi mwenye msimamo, akitembea mbele ya kamera. Lynne Cheney, aliyeongoza mfuko wa serikali ya Marekani uliochangia gharama, alikasirika kiasi cha kutaka jina la mfuko huo liondolewe kwenye kipindi. Ugomvi ule ulikuwa dalili ya afya. Hakuna mtu aliyewahi kugombana hivyo na duka la rehani.

Kwa upande wa muziki, Tarime inatupa mfano ulio mzito zaidi. Litungu la Wakurya wa Tarime ni kinubi cha nyuzi nane chenye mwili wa mbao uliowambwa ngozi. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii, na sauti yake ni nzito, yenye mvumo unaotetema kifuani. Mpigaji huketi, akaimba kwa muda mrefu, akataja watu, koo, rika, ng'ombe, safari na ugomvi. Wimbo wa litungu ni muziki na papo hapo ni kumbukumbu ya matukio. Kuukata ni kukata ushahidi. Lakini katika televisheni zetu litungu huonekana mara nyingi kwa sekunde chache, kama pambo la kufungulia taarifa ya utamaduni au la kusindikiza mgeni wa serikali. Wachezaji wanaonekana, viatu vyao vizito vya mbao vinaonekana, na maandishi chini ya kioo yanasema tu kwamba hii ni ngoma ya asili kutoka Mara. Mpigaji hana jina. Kijiji hakijulikani. Maneno hayatafsiriwi. Mtazamaji wa Mtwara anabaki na rangi na kelele, na Mkurya anayeyaelewa maneno hana pa kusema kwamba ubeti uliokatwa ndio uliobeba kisa.

Redio haikuwa hivyo. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, haikuwa taasisi huru, na ilichuja nyimbo kwa macho ya siasa. Sisemi ilikuwa enzi ya dhahabu. Ila desturi ya kutaja bendi au kikundi, wimbo na mahali ulikotoka ilikuwa sehemu ya kazi ya mtangazaji, na ndiyo sababu leo kanda zake zinaweza kutumiwa na mwanahistoria. Kanda isiyo na jina haina thamani kubwa maktabani, hata ikiwa safi namna gani.

Kuna pia jambo la bomba lenyewe la kupitishia vipindi. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kuliongeza chaneli kwa wingi bila kuongeza watayarishaji wa mikoani. Mwaka 2018 Watanzania walishuhudia chaneli za ndani zikiondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia kwa mgogoro wa leseni, na za kigeni zikabaki. Mwendeshaji wa kebo katika mji mdogo hununua vipindi, hapokei kazi ya jirani yake. Juu ya hayo, kanuni za maudhui zinataka utangazaji uwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine zikihitaji idhini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Naielewa shabaha ya umoja wa taifa na ninaithamini. Lakini matokeo yake kwa historia ni kwamba mzee anayesimulia vizuri kwa Kiikoma au Kikurya analazimika kusimulia vibaya kwa Kiswahili, au anaachwa. Maandishi ya Kiswahili chini ya kioo yangelinda umoja na ushahidi kwa pamoja, na idhini ya namna hiyo ingetolewa kama jambo la kawaida.

Watu wengine husema watazamaji hawataki vipindi kama hivyo. Siamini. Nyimbo za litungu zimenunuliwa kwenye kaseti, kisha kwenye diski, na sasa zinarushwa kwenye memori kadi na simu. Soko lipo, ni televisheni isiyolifuata.

Pingamizi zito zaidi ni la koo. Tarime imezika watu kwa mapigano ya koo juu ya mifugo na ardhi, na simulizi la asili likirushwa kwa toleo moja laweza kutumika kama hati ya kudai mpaka. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kunyamaza hakujawahi kuzuia simulizi kusambaa. Kunalifanya lisambae bila mshindani. Shetler alipohariri Telling Our Own Stories mwaka 2003 aliziweka pamoja historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini wenyewe, kila moja kwa sauti ya mwandishi wake. Kipindi cha kebo cha Mugumu, wilayani Serengeti, au cha Tarime kinaweza kufuata njia hiyo: wazee wa koo mbili au tatu, kila mmoja kwa jina lake na lugha yake, wakisimulia tukio lile lile mahali lilipotokea, na mtayarishaji asiwasuluhishe. Mpigaji litungu atajwe, wimbo wake uchezwe hadi mwisho, na malipo yake yafuate utaratibu wa hakimiliki kama ya msanii mwingine yeyote. Nakala ibaki shule za sekondari za wilaya na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, ambako mwanafunzi ataweza kuirudisha nyuma, kuilinganisha na anayoyasikia kwa bibi yake, na kuandika kwamba mzee wa tatu amekosea.