Kompyuta Unguja: mashine zilitangulia, mafundi wakafuata

Waya wa mwanzo kuiunganisha Unguja na dunia ulifika mwaka 1879, wakati wa Sultani Sayyid Barghash. Ulikuwa waya wa telegrafu wa kampuni ya Waingereza, umelazwa chini ya bahari kutoka Aden na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Habari iliyokuwa ikisubiri meli kwa wiki kadhaa ikawa inafika London kwa saa chache. Mwaka 1883 Barghash akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililotangulia visiwani kuwashwa taa za umeme. Baadaye shughuli za simu za nje zikapata jengo lao Shangani, mbele ya bahari. Watu wazima wanalijua kwa jina la Extelecoms, na leo ni hoteli ya Serena.

Kwa hivyo Unguja haikuchelewa kupata vyombo. Kilichochelewa ni elimu ya kuviendesha na kuvitengeneza, na hilo ndilo somo ambalo mimi, mhandisi wa kompyuta, naliona likijirudia katika kila sura ya historia hii.

Kompyuta ya mwanzo Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilijaribu kupeleka hesabu zake kwenye mashine kubwa zaidi, ICL ya jamii ya 1900. Kazi ikaharibika, hesabu zikavurugika, na wengi wa waliokuwa wakiijua mitambo ile walikuwa wageni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Unguja wakati huo ilikuwa na televisheni yake ya rangi, ya mwanzo katika Afrika kusini mwa Sahara, huku Bara ikisubiri hadi miaka ya 1990.

Wengi husimulia marufuku ile kama kituko. Mimi naielewa hofu iliyoizaa. Nchi changa ilitumia fedha za kigeni kununua mtambo ambao ikiharibika hesabu moja, hakuna mwananchi wa kuulizwa. Dawa ilikuwa kusomesha watu. Kufunga mlango kulichelewesha wanafunzi pamoja na mashine, na masharti yalipolegezwa katika miaka ya 1980, tulianza kusoma upya.

Kompyuta za mezani zilipoingia ofisini Vuga na Shangani, mjini Unguja, zilikuta tatizo jingine, nalo ni umeme. Tangu 1980 Unguja ilitegemea waya mmoja wa megawati 45, uliotoka Ras Kiromoni upande wa Bara ukapita chini ya bahari na kuibukia Ras Fumba. Mwezi Mei 2008 umeme ukakatika kisiwa kizima kwa takriban mwezi. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, mafriji yakazimwa, jenereta zikanguruma katika vichochoro vya Mji Mkongwe usiku kucha. Waya mpya wa megawati 100 uliwashwa mwaka 2013.

Jenereta zile zilitoa umeme unaopanda na kushuka, na kompyuta haziuvumilii. Paua saplai ziliungua kwa wingi. Vijana waliokuwa wakiuza chaja walianza kufungua mashine, wakajifunza kupima kwa mita, kung'oa kapasita iliyovimba na kulehemu nyingine. Taaluma ikazaliwa mitaani kabla ya kuzaliwa darasani.

Nenda sokoni Darajani leo umtazame fundi akifungua laptopu iliyokaa miaka mitatu katika nyumba inayotazama bahari. Kwenye bodi utaona ukungu wa kijani pembeni mwa njia za shaba. Ile ni kutu ya shaba, inayoletwa na chumvi ya hewa ya pwani pamoja na unyevu wa masika. Fundi huchovya mswaki kwenye thina, akasugua taratibu kufuata njia moja moja, akaipitishia hewa moto, kisha akapima tena. Kazi hiyo haimo katika kitabu cha kiwanda, kwani mashine ilibuniwa kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi. Hata intaneti ya hewani ina ukaidi wake hapa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene mno, na mawimbi hufifia kabla ya kufika chumba cha pili. Anayefunga mtandao Mji Mkongwe lazima aisome nyumba kwanza.

Nyaya za intaneti za baharini zilifika pwani yetu mwaka 2009 kwa Seacom, na 2010 kwa EASSy. Hapo simu ya mkononi ikawa kompyuta ya watu wengi. Mwaka 2022 serikali ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar, wenye makao Fumba, na 2023 taasisi ya IIT Madras ya India ikafungua kampasi Bweleo, ikifundisha sayansi ya data na akili mnemba. Prof. Preeti Aghalayam, aliyeteuliwa kuiongoza, ni mwanamke wa mwanzo kuongoza kampasi ya IIT. Fumba na Bweleo ziko katika rasi ileile unakoibukia waya wa umeme.

Nafurahi kuona hayo, na nina ombi. Fundi wa Darajani apimwe ujuzi alionao na apewe cheti kupitia vituo vya mafunzo ya amali, kama kile cha Mwanakwerekwe. Aalikwe kufundisha wanafunzi wa Chuo cha Karume, Mbweni, na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) namna chumvi inavyoua bodi. Na kila skuli inayopewa kompyuta ipewe pia fungu la matengenezo na mtu wa kuzitunza. Tumenunua mashine za kutosha bila watu wake, na gharama yake tumeshailipa tangu 1974.