Mzibo wa Mvuke

Gari la petroli la zamani, lile la kabureta, likigoma kuwaka lina moto na kuwaka vizuri likishapoa, fundi aliyepitia chuo atakwambia ni vepa loki. Fundi wa chini ya mwembe atasema limevuta hewa. Na mfasiri mwenye haraka ataandika "kufuli la mvuke". Katika majina hayo matatu, "kuvuta hewa" ndilo tamu zaidi masikioni, na ndilo linalowatia watu hasara.

Kuvuta hewa ni ugonjwa wa dizeli. Hewa hupenya kutoka nje, kwenye ufa wa bomba au chujio lisilokazwa sawasawa, na dawa yake kila dereva wa lori anaijua: kaza, kisha pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Fundi akiihamishia dawa hiyo kwenye gari la petroli atakaza klipu zote, atabadilisha mipira yote, na kesho saa nane mchana gari litagoma tena. Hakuna hewa iliyoingia. Lile povu ni petroli yenyewe, imechemkia ndani ya bomba.

Petroli ni mchanganyiko. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na nzito hungoja mpaka karibu 200. Pampu ya magari haya hufungwa ubavuni mwa injini na huvuta mafuta kutoka tangi lililo nyuma kabisa. Kuvuta kunapunguza kanieneo, ambayo gereji huiita presha, na kimiminika kilichopungukiwa presha huchemka mapema. Mwinuko wa nchi nao unapunguza presha ya hewa. Ndiyo maana anayetoka Morogoro akaupanda mlima Kitonga, kisha akasimama Ilula kununua nyanya, yuko mahali hasa pa kupatwa na shida hii.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba gari lilipanda mlima wote bila kukohoa, likaja kugoma baada ya kupumzika. Injini inapotembea, petroli mpya kutoka tangini inapoza bomba, feni inapuliza, maji ya rejeta yanazunguka. Ukizima, vyote vinasimama, lakini chuma cha injini bado kinawaka moto, na joto lake linapanda na kujaa chini ya boneti. Kwa robo saa au zaidi bomba la mafuta huwa na joto kuliko lilivyokuwa mlimani. Ukirudi na tenga lako la nyanya, pampu inapiga, lakini inachokipiga ni mvuke, unaobonyea na kutanuka papo hapo pasipo tone kufika kwenye kabureta.

Kwa hiyo "kufuli" silitaki: hapa hapana aliyefunga wala ufunguo wa kutafuta. "Mvuke" wapo wanaolipinga kwa kuwa linawakumbusha sufuria ya chai, ila kemia ya shuleni imeshalizoesha kwa kimiminika chochote, basi libaki. Nachagua "mzibo wa mvuke". Bomba limezibwa, na kilichoziba kimetajwa.

Jina hilo lisibebeshwe ugonjwa wa jirani yake. Joto lilelile linaweza kuchemsha petroli iliyotuama ndani ya kabureta, ikamwagika kwenye injini na kulowesha plagi. Huo ni mfuriko wa kabureta, kinyume kabisa cha mzibo: huku mafuta hayafiki, kule yamezidi. Fungua plagi moja utazame. Ikiwa kavu, weka kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba lake (usimwagie injini maji, chuma cha moto hupasuka) na usubiri. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, irudishe, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ishikilie hapo bila kuipampu, ndipo upige stata. Tiba ya kudumu ya mzibo ni kulihamisha bomba mbali na ekzosi, kuweka bati la kukinga joto, au kufunga pampu ya umeme karibu na tangi, isukume badala ya kuvuta.

Magari ya injekta hayahusiki sana na habari hii. Pampu yao imezama tangini na husukuma kwa presha ya bar 3 hivi, na petroli iliyobanwa kiasi hicho haichemki ovyo. Yakigoma yakiwa ya moto, mara nyingi kosa ni la umeme. Sensa ya krenki ina nyaya nyembamba mno ambazo joto huzitenganisha, zikipoa zikakutana tena. Sensa ya joto la maji, katika magari mengi, husoma ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 na kama 300 kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kuwa injini ni baridi, kompyuta itamwaga mafuta kupita kiasi. Injekta inayovuja nayo huleta balaa hilohilo.

Na kama stata yenyewe inazunguka kwa uvivu, mafuta usiyaguse. Shaba ikipata joto la nyuzi 60 zaidi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu robo, na waya wa ethi uliooza hauwezi kulivumilia ongezeko hilo. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata: ikivuka nusu volti, safisha waya huo au ubadilishe.

Basi ukiambiwa gari lako la injekta lina vepa loki na linahitaji pampu mpya, mwombe fundi kwanza apime presha ya mafuta na sensa hizo mbili gari likiwa bado la moto, kabla hujatoa hela.