Kulinda macho ya mtoto baada ya upasuaji wa makengeza

Makengeza si laana wala kazi ya wachawi. Macho ya mtoto hayaelekei upande mmoja: moja linatazama mbele, lingine pembeni. Daktari wa macho anaweza kuyarekebisha kwa kukaza au kulegeza misuli inayosogeza jicho. Jicho lenyewe halifunguliwi, ndiyo maana maambukizi ni nadra. Lakini yakiingia ndani, mtoto anaweza kupofuka.

Maambukizi makali mara nyingi huanza siku chache tu baada ya upasuaji. Familia ya Masisi au Walikale iliyompeleka mtoto Goma huwa haina pesa wala pa kulala, ikapanda pikipiki kurudi kupitia Sake, katika vumbi, daktari akabaki mbali. Hapo washirika wa Goma wana kazi: kumpokea mtoto na mama yake mpaka daktari amtazame tena. Kabla ya kuondoka, mzazi aombe namba ya simu ya hospitali.

Nyumbani, tuzingatie haya:

- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumtia dawa ya matone. Ncha ya chupa isiguse jicho. Dawa yake asitiwe mtoto mwingine. Fuata siku alizoandika daktari, usipunguze wala kuongeza.
- Mwogeshe mwili, lakini maji na sabuni visiingie machoni. Asiogelee mtoni wala ziwani. Kama ni kijana anayengoja ubatizo wa kuzamishwa, asubiri ruhusa ya daktari.
- Asifikiche macho. Awe na taulo lake mwenyewe.
- Usimtie machoni maji ya majani, maziwa ya mama, wala mafuta ya maombi. Yakobo 5:14 inawaita wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta; haikusema machoni. Mpakeni kichwani, kidogo, yasitiririke.

Jicho kuwa jekundu kwa wiki kadhaa na kuwasha kidogo ni kawaida, kwa sababu ya nyuzi. Dalili za hatari ni maumivu yanayozidi, kope kuvimba zaidi, usaha, homa, au mtoto kuona vibaya kuliko jana. Ukiona hata moja, usingoje ibada iishe. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mwuguzi ampigie simu daktari aliyempasua. Kanisa litaendelea kuomba mkiwa njiani.