Wahandisi wa nyuklia huandaliwaje? Safari ndefu ya Rwanda kabla ya kinu cha kwanza

Rwanda imejiwekea lengo la kuanza kuzalisha umeme wa nyuklia mwanzoni mwa miaka ya 2030. Kinu chenyewe kinaweza kuagizwa kutoka ng'ambo, lakini watu wa kukiendesha, kukikagua na kukisimamisha inapobidi wanapaswa kusomeshwa, na masomo hayo huchukua miaka mingi.

Kuanzia Juni 30 hadi Julai 3 mwaka 2025, mji mkuu Kigali ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kilele wa Afrika kuhusu ubunifu katika nishati ya nyuklia. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwemo Rafael Mariano Grossi, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA. Mazungumzo yalijikita zaidi katika vinu vidogo, vile ambavyo vipande vyake hutengenezwa kiwandani na kuunganishwa mahali vitakapotumika. Rwanda ina sababu ya kuvitazama vinu hivyo, kwani mtambo mmoja wa kawaida wa megawati 1,000 ungekuwa mkubwa kuliko mitambo yake yote ya umeme ikijumlishwa pamoja.

Hata hivyo, kila nchi inayoingia katika safari hii hukutana na swali lilelile. Ni nani atakayeketi katika chumba cha kuongozea mitambo usiku wa manane? Na ni nani atakayekuwa na elimu ya kutosha kumwambia mjenzi kwamba kazi yake haijafikia kiwango?

Rwanda imefika wapi?

Rwanda ilijiunga na IAEA mwaka 2012. Desemba 2018 ilitia saini hati ya maelewano na shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, Rosatom, na mwaka uliofuata pande hizo mbili zikakubaliana pia kuhusu mafunzo ya wataalamu. Oktoba 2019, katika mkutano wa kilele wa Urusi na Afrika mjini Sochi, serikali hizo zilitia saini mkataba wa kujenga nchini Rwanda kituo cha sayansi na teknolojia ya nyuklia, kitakachokuwa na kinu cha utafiti chenye nguvu isiyozidi megawati 10. Kinu cha aina hiyo hakikusudiwi kutoa umeme. Kazi yake ni utafiti, kutengeneza dawa za mionzi zinazotumika hospitalini, na kufundishia.

Desemba 2020 ikaundwa Bodi ya Nishati ya Atomiki ya Rwanda, RAEB, ili kuratibu mpango mzima. Septemba 2023 bodi hiyo ilitia saini makubaliano na Dual Fluid, kampuni yenye mizizi Ujerumani na Kanada, ya kujenga kinu cha majaribio cha aina ambayo bado haijawahi kujengwa popote duniani. Kwa mujibu wa makubaliano hayo, Rwanda hutoa eneo na miundombinu, kampuni hubeba jukumu la kiufundi, na wanasayansi wa Rwanda hupatiwa mafunzo ya vitendo.

Mhandisi wa nyuklia husoma nini?

Wengi wanaoingia katika taaluma hii huwa tayari wana shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, wa mitambo au wa kemia, au ya fizikia. Masomo ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili, huwaongezea kile ambacho shahada ya kwanza haikugusa.

Somo la kwanza ni fizikia ya kinu: jinsi nyutroni zinavyopasua viini vya urani, jinsi kila mpasuko unavyozaa nyutroni nyingine, na jinsi ya kuudhibiti mfululizo huo usizidi wala kuzimika. La pili ni mwenendo wa joto na maji ndani ya kinu. Hapa ndipo mwanafunzi hujifunza jambo linalokitofautisha kinu cha nyuklia na mtambo wowote mwingine: kukizima hakumalizi joto. Mara tu baada ya kuzimwa, mafuta yake huendelea kutoa takriban asilimia 6 hadi 7 ya joto la awali, na lazima yaendelee kupozwa. Huko Fukushima, Japani, mwezi Machi 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Maafa yalikuja baadaye, pale tsunami ilipokata umeme wa kuendesha pampu za kupozea.

Yapo pia masomo ya kinga dhidi ya mionzi, tabia ya vyuma vinavyopigwa na mionzi kwa miongo kadhaa, uchambuzi wa ajali zinazoweza kutokea, na utunzaji wa mafuta yaliyotumika. Aidha, mwanafunzi husoma sheria za nyuklia na taratibu za ukaguzi wa kimataifa, zinazohakikisha kwamba nyenzo za nyuklia hazielekezwi kwenye silaha.

Shahada pekee haimpi mtu ruhusa ya kuongoza kinu. Mwendeshaji hupitia mafunzo zaidi kwenye chumba cha mfano kinachoiga kile halisi, hufanya mazoezi chini ya wakongwe, kisha hutahiniwa na kupewa leseni. Hatua hiyo nayo huweza kuchukua mwaka mmoja, miwili au zaidi.

Vyuo viko wapi?

Urusi imekuwa mlango mkubwa kwa Wanyarwanda. Wanafunzi hupelekwa huko kwa ufadhili, na miongoni mwa vyuo vinavyojulikana katika fani hii ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Utafiti wa Nyuklia, MEPhI, cha Moscow, pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Tomsk huko Siberia, chenye kinu chake cha utafiti. Mgeni asiyejua Kirusi kwa kawaida huanza na takriban mwaka mmoja wa kujifunza lugha kabla ya kuingia darasani.

Korea Kusini ilichukua njia nyingine. Mwaka 2012 ilifungua KINGS, chuo cha uzamili kilichoko Ulsan, jirani na mitambo halisi ya nyuklia, kinachofundisha kwa Kiingereza na kuwakutanisha Wakorea na wahandisi kutoka nchi zinazopanga kujenga. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki zilizopeleka wahandisi wake huko.

Barani Afrika kwenyewe, Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi na teknolojia ya nyuklia inayotoa shahada ya uzamili. Ghana ilianzisha mwaka 2006 kitivo maalumu cha sayansi ya nyuklia, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Ghana, tume ya atomiki ya nchi hiyo na IAEA. Kitivo hicho kipo jirani na kinu kidogo cha utafiti kilichoanza kazi mwaka 1994, na hupokea wanafunzi kutoka mataifa mengine ya Afrika. Misri imekuwa na idara ya uhandisi wa nyuklia katika Chuo Kikuu cha Alexandria tangu miaka ya 1960, ingawa ujenzi wa mtambo wake wa kwanza wa umeme, El Dabaa, ulianza Julai 2022. Afrika Kusini ndiyo nchi pekee barani yenye mtambo wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi, ule wa Koeberg ulioanza mwaka 1984.

Kwa wanawake, IAEA ilianzisha mwaka 2020 ufadhili uliopewa jina la mwanasayansi Marie Skłodowska-Curie. Ufadhili huo huwasaidia wanafunzi wa uzamili katika fani za nyuklia kulipia ada na gharama za maisha kwa muda usiozidi miaka miwili, na huwapa pia nafasi ya kujifunza kazini.

Kigali yenyewe ina nini?

Mji huo hauanzi na mikono mitupu. Katika kampasi ya Nyarugenge, Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha Afrika kuhusu nishati endelevu, kinachotoa shahada za uzamili na uzamivu. Chuo Kikuu cha Rwanda kina pia taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi katika fizikia, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2018. Taasisi ya hisabati ya AIMS nayo ina kampasi mjini Kigali. Fizikia, hisabati na uhandisi wa umeme, ambavyo ndiyo msingi wa taaluma hii, vinaweza kusomwa bila kuvuka mpaka. Kinachokosekana ni kinu ambacho mwanafunzi anaweza kukiona kikiwaka na kuzimwa.

Kazi za mionzi pia zipo tayari. Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe ilianza mwaka 2019 kutoa tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, na huduma hiyo haiwezekani bila wanafizikia wa tiba wanaokokotoa kipimo anachopaswa kupewa kila mgonjwa.

Mafunzo ya majirani

Historia ya kanda hii inaonyesha kwamba kuwa na kinu bila watu, au kuwa na watu bila kinu, yote mawili ni hasara.

Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa mwaka 1959 mjini Kinshasa, wakati huo Léopoldville, katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Kilijulikana kama TRICO I. Cha pili, chenye nguvu zaidi, kilianza mwaka 1972. Kongo, ambayo urani ya mgodi wake wa Shinkolobwe ilitumika kutengeneza mabomu ya atomiki ya Marekani, ilikuwa na nafasi ya kuwa shule ya bara zima. Lakini fedha zilikauka, ulinzi ukalegea, na fito mbili za mafuta ya nyuklia ziliibwa katika miaka ya 1970. Moja ilinaswa nchini Italia mwaka 1998. Kinu cha pili kilizimwa mwaka 2004.

Kenya ilipata funzo la upande wa pili. Imepeleka watu kusoma nje tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, lakini mradi wenyewe umekuwa ukisogezwa mbele, na eneo la Uyombo katika kaunti ya Kilifi lilikumbana na upinzani mkali wa wakazi kabla ya macho kugeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mhitimu aliyerudi akitarajia kukuta mtambo hulazimika kutafuta kazi nyingine, na ujuzi usiotumika huchakaa. Soko la taaluma hii nalo ni la dunia nzima, kwa hiyo nchi isiyo na kazi ya kumpa mtaalamu wake humsomeshea mwajiri wa nchi nyingine.

Umoja wa Falme za Kiarabu unatajwa mara kwa mara kama mfano wa ratiba iliyokwenda sawa. Mkataba na Wakorea ulitiwa saini Desemba 2009, na kinu cha kwanza cha Barakah kiliingiza umeme kwenye gridi Agosti 2020. Katika miaka hiyo nchi ilisomesha vijana wake na wakati huohuo kuajiri wageni wengi. Hiyo ni njia ya gharama kubwa, ambayo nchi nyingi za Afrika haziwezi kuimudu kwa kiwango kilekile.

Nani atamkagua muuzaji?

Swali zito zaidi halihusu idadi ya wahandisi. Muuzaji wa kinu anapokuwa pia ndiye mfadhili wa masomo, nchi hupata wataalamu upesi, lakini wataalamu hao huwa wamejifunza kwa vitabu, mitambo na mazoea ya muuzaji huyohuyo. Ndiyo sababu IAEA, katika mwongozo wake wenye masuala 19 ambayo nchi mpya inapaswa kuyakamilisha, huweka mafunzo ya wafanyakazi na mamlaka huru ya udhibiti kama masuala mawili yanayojitegemea.

Nchini Rwanda, jukumu la kudhibiti matumizi ya mionzi lilikabidhiwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Umma, RURA. Mamlaka kama hiyo inahitaji wahandisi walio na elimu sawa na wale wa mtambo wanaoukagua, waliosomea sehemu mbalimbali, na wasioajiriwa na yule wanayemkagua. Tume huru iliyoundwa na bunge la Japani ilihitimisha mwaka 2012 kwamba ajali ya Fukushima ilisababishwa na binadamu, kutokana na mdhibiti na kampuni kuwa karibu kupita kiasi. Japani haikukosa wahandisi. Ilikosa wakaguzi walioweza kusema hapana na wakasikilizwa.

Hesabu ya miaka

IAEA hukadiria kwamba tangu nchi inapoanza kulifikiria suala hili kwa dhati hadi mtambo wa kwanza kuwaka hupita miaka 10 hadi 15. Vinu vingi vya kisasa husanifiwa kufanya kazi kwa miaka 60, kwa hiyo wahandisi watakaokiwasha watastaafu kabla ya kuzimwa kwake. Mafunzo, basi, hayawezi kuwa safari moja ya kundi moja la wanafunzi.

Kijana aliyeanza mwaka wa kwanza wa uhandisi mjini Kigali mwaka 2025 atamaliza shahada yake ya miaka minne mwaka 2029. Akiunganisha na uzamili, atahitimu mwaka 2031. Akiongeza miaka miwili ya mafunzo ya leseni, atakuwa tayari kuketi kwenye chumba cha kuongozea kinu mwaka 2033. Kwa lengo ambalo Rwanda imejiwekea, kijana huyo hana mwaka wa kupoteza, na wale watakaomtangulia kazini wanapaswa kuwa darasani tayari.