Pesa za mayatima zilivyoiruka Tana River

Mwaka 2024 mpango wa serikali ya Kenya wa kuzipa fedha familia zinazolea mayatima ulitimiza miaka 20. Ulianza na familia 500 tu katika wilaya tatu, Nairobi, Kwale na Garissa, kila familia ikipata shilingi 500 kwa mwezi. Ukiifungua ramani utaona kwamba Garissa imepakana na Tana River, na Kwale iko pwani ileile, kusini. Chara, Ngao, Garsen na vijiji vyote vya delta ya Mto Tana vilibaki katikati, nje ya orodha. Jambo hilo lingeweza kupuuzwa kama lingetokea mara moja. Lakini ukiifuata historia ya misaada hii hatua kwa hatua, unakuta mtoto wa Chara amekuwa akifikiwa kwa kutegemea jina la janga lililompata, na jina lenyewe limekuwa likichaguliwa mbali na nyumbani kwao.

Sheria ya kwanza ya watoto katika Kenya huru, ile Sura ya 141, ilishughulika zaidi na mtoto mkosaji na mtoto aliyetupwa: mahakama, mahabusu, shule za urekebishaji. Familia maskini inayolea vizuri haikuwa na nafasi humo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilibadilisha lugha, ikataja haki ya afya, elimu na malezi ya wazazi, ila haikutoa hata senti moja. Fedha zilikuja kwa njia nyingine. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2002, UNICEF na washirika wake waliwashawishi wagombea ubunge watie saini ahadi ya kuwasaidia mayatima, ambao UKIMWI ulikuwa umewaongeza kupita kiasi. Ahadi hiyo ndiyo iliyozaa majaribio ya 2004. Kwa hiyo mlango ulichongwa kwa kipimo cha ugonjwa mmoja, na kila aliyefuata alilazimika kupita humohumo.

Mpango ulipopanuliwa, pakazuka ubishi uliodumu miaka kadhaa: je, fedha zitolewe bure, au mlezi akatwe asipompeleka mtoto shule na kliniki? Waliotaka masharti walitazama Mexico na Brazil, ambako mipango ya namna hiyo ilikuwa imepata sifa. Waliopinga waliuliza utamwadhibuje mlezi kwa kukosa kufika kliniki ambayo serikali yenyewe haijaijenga. Ikaamuliwa jambo lipimwe. Maeneo mengine yakawekewa adhabu na mengine yakaachwa, na kati ya 2007 na 2009 watafiti wa Oxford Policy Management wakafuatilia familia katika wilaya saba. Jibu lililotoka lilipaswa kuufunga mjadala. Hawakuona ushahidi kwamba adhabu iliongeza chochote, na walezi wengi hawakuyajua masharti yenyewe vizuri. Walichokiona ni kwamba familia zilizopata fedha zilikula vizuri zaidi, watoto zaidi walipata vyeti vya kuzaliwa, na waliojiunga na sekondari waliongezeka. Yote hayo yalitokana na imani ndogo tu, kwamba mlezi anajua mwanawe anahitaji nini.

Tana River haikuwamo hata katika wilaya hizo saba. Wala haikuwamo mwaka 2009, mpango wa fedha za kukabili njaa ulipoanza kulipa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Ilisubiri hadi awamu ya tatu, iliyoanza 2019, ndipo ikaingizwa pamoja na Garissa, Isiolo na Samburu. Kati ya 2009 na 2019 delta haikukosa misiba. Katika miezi ya mwisho ya 2012 vijiji vya Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao viliona mauaji yaliyochukua zaidi ya watu 100, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, wakiwamo wanawake na watoto. Mwaka 2018 mto ukapasua kingo na familia zikahamia penye mwinuko, mashamba ya mpunga na migomba yakiwa chini ya maji. Mtoto ambaye wazazi wake wote wawili wako hai, lakini shamba limesombwa, si yatima. Kwa kipimo cha 2004 hana jina.

Tazama uandikishaji wenyewe wa mpango wa mayatima. Kamati ya lokesheni inapita nyumba kwa nyumba ikiuliza nani amefiwa, nani anaugua kwa muda mrefu, nani ana kitambulisho. Majina yanasomwa katika baraza la chifu, mbele ya majirani, ili mwenye pingamizi aseme. Utaratibu huu una uadilifu wake, kwa sababu wanakijiji wanajuana kuliko karani yeyote. Lakini nafasi zikiwa 10 na nyumba maskini ni 60, baraza linageuzwa kuwa mahali pa kushindania umaskini. Katika delta ambako mkulima na mfugaji wamezikana mara nyingi mno, kuwashindanisha hivyo ni hatari ambayo mwandishi huyu haoni kwa nini iendelee kubebwa.

Wapo wanaosema fedha za bure hufundisha uvivu. Utafiti uliofuata kuhusu mpango huuhuu ulikuta matumizi ya chakula na afya yamepanda huku ya pombe na tumbaku yakishuka. Wengine, wazee hasa, wanasema mtoto wa Kiafrika ana bibi, shangazi na mjomba, hahitaji hazina ya serikali. Ni kweli ukoo ndio uliowalea mayatima wa Tana, na ndio unaowalea hadi leo. Ila bibi huyo huyo hununua unga kwa bei ya leo, na shilingi 2,000 kwa mwezi anazopewa chini ya mpango wa serikali wa Inua Jamii hazijaongezwa kwa zaidi ya miaka 10, tena mara nyingi humfikia zikiwa zimechelewa kwa miezi.

Hoja nzito ni ya gharama: kumlipa kila mtoto kutaifilisi hazina. Lakini si lazima kuanza na wote. Majaribio ya 2021 yalilipa shilingi 800 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitatu, bila kuuliza kama ni yatima, katika maeneo teule ya Kajiado, Embu na Kisumu. Kipimo kilikuwa umri peke yake, na umri hausomwi barazani. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 nayo inampa kila mtoto haki ya lishe, makazi na afya bila kuuliza nani amemfia. Garsen ingefaa kuwa katika orodha ijayo, na iwe ya kwanza.