Firigisi Haigawanywi: Utungaji wa Papo kwa Papo katika Kundi la Mufwankolo, Lubumbashi

Utangulizi

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alirejea Lubumbashi, mji ambako alikuwa amefundisha chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Siku moja, akiwa mezani kwa mwenyeji wake, mazungumzo yaliangukia firigisi ya kuku, kipande ambacho kwa desturi huwekewa mkubwa. Mwenyeji akasema, kwa Kifaransa, kwamba mamlaka huliwa mazima. Fabian aliuchukua msemo huo na kuwauliza waigizaji wa Kundi la Mufwankolo wanauelewaje. Waigizaji hawakuridhika kutoa jibu la maneno machache, bali waliamua kuutungia mchezo.

Makala haya yanaeleza namna kundi hilo lilivyokuwa likitunga bila muswada, na kuonyesha kwamba utungaji wa papo kwa papo, kama ulivyofanywa Lubumbashi, ulikuwa kazi yenye taratibu zake na mgawanyo wake wa madaraka. Aidha, yanadai kwamba lugha iliyoibeba kazi hiyo inastahili nafasi ambayo bado haijapewa katika masomo ya Kiswahili.

Chimbuko la kundi

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, nayo ikakua kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi: Katanga yenyewe, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na Ruanda-Urundi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikazania sera ya kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi zake. Kiswahili kikawa lugha ya kazini, na hatimaye lugha ya nyumbani. Watoto waliozaliwa humo walikirithi kama lugha yao ya kwanza.

Katika mitaa hiyo burudani haikukawia kuchipuka. Mtaa wa Kenya ulikuwa na JECOKE, yaani vijana wachekeshaji wa Kenya, kundi lililochanganya muziki, ngoma na vichekesho katika miaka ya 1950. Mpiga gitaa Edouard Masengo, ambaye baadaye alijulikana hadi Nairobi, alipitia humo. Mazingira hayohayo ndiyo yaliyomlea Odilon Kyembe, anayejulikana zaidi kwa jina la jukwaani la Mufwankolo. Redio, na baadaye televisheni, ziliingiza sauti ya kundi lake katika nyumba nyingi za mji. Kufikia miaka ya 1970 mkazi wa Lubumbashi hakuhitaji kuelezwa Mufwankolo ni nani.

Mchezo usio na muswada

Ni kosa kudhani kwamba asiyeandika hatayarishi. Kundi lilianza na wazo, mara nyingi methali au kisa cha maisha ya kila siku. Wazo lilijadiliwa na wote hadi likapata kisa chenye mwanzo, mgogoro na mwisho. Kisha kisa kiligawanywa katika maonyesho, na kila mmoja akapewa nafasi yake. Kilichoafikiwa ni nani aingie lini, akutane na nani, na onyesho limefikia wapi wakati wa kutoka. Maneno yenyewe hayakuafikiwa; kila mwigizaji aliyatafuta mwenyewe mazoezini, akayabadilisha katika zoezi lililofuata, na hata mbele ya watazamaji aliweza kuyabadilisha tena.

Katika kuujadili msemo wa mamlaka, waigizaji walikuwa na hazina ya lugha zao. Katika lugha kadhaa za Kibantu za eneo hili, Kibemba kikiwa mojawapo, kushika utawala husemwa kwa kitenzi cha kula. Hivyo basi, ulaji wa mamlaka haukuwa fumbo la kigeni kwao. Suala lililobaki ni lile la kisiasa: je, anayekula peke yake huwafanyia nini wanaomtazama akila? Walijibu kwa kusimulia habari za mtemi, wasaidizi wake na raia, na za kijiji ambacho utaratibu wake ulivurugika. Mchezo ulirekodiwa na televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya mji. Fabian alifuatilia kazi tangu majadiliano ya kwanza hadi siku ya kurekodi, na mwaka 1990 alichapisha kitabu kiitwacho Power and Performance, chenye maandishi ya mazoezi na ya mchezo wenyewe.

Ikumbukwe kwamba huo ulikuwa wakati wa chama kimoja chini ya Mobutu. Mchezo usio na muswada hauna ukurasa ambao mkaguzi angeusoma mapema. Hata hivyo, televisheni ilikuwa mali ya serikali, na waigizaji walilijua hilo. Mpaka wa linaloweza kusemwa ulikuwa ndani ya mwigizaji mwenyewe, naye alilazimika kuupima kila alipofungua kinywa.

Madaraka ndani ya kundi

Mbinu za namna hii zina ndugu zake kwingineko. Waigizaji wa Italia wa karne ya 16 walifuata muhtasari wa kisa tu. Huko Chicago kundi la The Second City lilianzishwa mwaka 1959, na baadaye mbinu zake zikatumiwa kuwafunza wafanyakazi wa makampuni kusikilizana na kushirikiana. Lubumbashi ilifuata njia iliyo kinyume na hiyo. Hapa kampuni ndiyo iliyotangulia, ikiwa na nidhamu yake ya amri na ya ngazi za vyeo, na watu waliokulia katika miji yake ndio waliobuni kikundi ambamo neno halingeweza kumilikiwa na mtu mmoja. Mwigizaji asiyemwachia mwenzake nafasi ya kujibu huua onyesho lake mwenyewe.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kundi halikuwa na mkubwa. Lilibeba jina la kiongozi wake. Firigisi, kwa maana hiyo, ilikuwa na mwenyewe. Kilichogawanywa ni maneno. Kwa hakika hilo ndilo jibu ambalo mchezo uliutolea msemo kwa namna ulivyotungwa, pasipo kulitamka: mamlaka yanaweza kuwa ya mmoja, lakini hayatendi lolote mpaka wengine wapewe nafasi ya kusema.

Suala la lugha

Lugha ya michezo hiyo ni Kiswahili cha Katanga. Ndani yake mtu husikia "batu" mahali pa "watu", "iko" katika nafasi ambazo Kiswahili sanifu kina "ni" au "yuko", na maneno ya Kifaransa yanayopita bila kubisha hodi. Kwa muda mrefu darasa limeiona kuwa lugha iliyoharibika. Lakini lugha iliyoharibika haiwezi kubeba mjadala wa mamlaka kwa siku kadhaa, ikitofautisha mtemi na raia, amri na ushauri, woga na heshima, yote hayo bila karatasi. Aliyeweza kufanya hivyo alikuwa na lugha kamili.

Hitimisho

Michezo mingi ya kundi hili ilipita hewani na hewa ikaichukua. Baadhi ya ile michache iliyoandikwa imehifadhiwa kwa sababu mtafiti mmoja alikuwa na kinasa sauti, na aliona kwamba maneno ya mazoezini yana thamani sawa na ya jukwaani. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetafuta fasihi ya Kiswahili ya mji wake hana haja ya kuanzia mbali. Na aanze na maandishi hayo, kisha awaendee wazee wa Kenya, Katuba na Kamalondo ambao bado wanakumbuka yale ambayo hayakunaswa.